Kesi ya Mtetea Kidimu

Nzi wetu walikufa muhula ukikaribia kwisha, na aliyewaua alikuwa mtu mwema.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nikisomea ualimu wa sayansi, na somo lililonikosesha raha kuliko yote lilikuwa utangulizi wa jenetiki. Mhadhiri wetu alikuwa bwana mmoja mwembamba kutoka bara, aliyevaa sweta mwaka mzima, joto liwe la namna gani. Alikuwa ameomba nzi wa matunda kwa rafiki yake mtafiti. Wengine walikuwa na macho mekundu, wengine macho meupe, wengine mabawa yaliyonyauka kama jani lililopitiwa na moto. Waliishi ndani ya chupa kwenye rafu ya maabara wakila ndizi za kupondwa, na sisi tulitakiwa tuwazalishe, tuwahesabu watoto wao na wajukuu wao, mpaka tuione ile hesabu ya urithi, watatu wenye sifa moja kwa kila mmoja mwenye nyingine, kwa macho yetu wenyewe.

Jumatatu moja tulifika tukakuta maabara inanuka dawa ya mbu. Mama wa usafi alikuwa amesimama mlangoni, uso umemchangamka.

"Leo nimewasaidia," alisema. "Mlikuwa na nzi humu, hata aibu. Chupa nzima nzima! Nimewapuliza wote wakaisha. Na chupa nimeziosha."

Mhadhiri aliitazama rafu. Chupa zilikuwa zimepangwa vizuri, midomo chini, zinang'aa. Akamwambia yule mama ahsante, kwa sauti ya mtu anayepokea rambirambi, kisha akakaa kwenye stuli, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya sweta. Mwenzangu mmoja alianza kucheka, akaona hana wa kumsaidia, akanyamaza.

"Basi," mhadhiri alisema mwishowe. "Likizo ndefu hiyo inakuja. Kila mmoja ataenda kwao, azalishe kitu chenye sifa inayoonekana kwa macho, aniletee ripoti. Maharagwe, sungura, njiwa, sijali. Alimradi msiniletee watu."

Akapita mstari hadi mstari akiuliza kila mtu kwao kuna nini. Alipofika kwangu nilimwambia kuna kuku.

"Kuku wa namna gani?"

"Vidimu, mwalimu."

Hakuwa amewahi kulisikia neno hilo. Nikamweleza kuwa kidimu ni kuku ambaye manyoya yake yamejikunja kwenda nje, hata ukimwona utadhani amepigwa na upepo kwa nyuma na upepo haujaondoka. Alichomoa kalamu akaandika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mhadhiri yeyote kuandika nilichosema mimi.

"Hao ni dhahabu," alisema. Kisha akanieleza kwa lugha ambayo sijaisahau. Kila kuku hupokea barua mbili kuhusu manyoya yake, moja ya baba na moja ya mama. Zikiwa zote mbili zinasema "kawaida", anakuwa kuku wa kawaida. Moja ikisema "kunja" na nyingine "kawaida", anakuwa kidimu. "Na zikisema kunja zote mbili," akasita akatazama dari, "anakunjika kupita kiasi. Utaniambia mwenyewe."

Kwetu ni Kinondo. Aliyenilea ni shangazi yangu, dada yake baba, mjane asiyekuwa na mtoto wa kuzaa, na ambaye hakukanyaga darasa zaidi ya chuo cha Kurani. Kuku wake walijulikana mpaka Msambweni. Waganga walikuwa wakitoka mbali, wengine Lunga Lunga, kuja kutafuta vidimu kwa ajili ya kazi zao, na shangazi hakuwauliza ni kazi gani. "Mimi nauza kuku," alikuwa akisema. "Siuzi anachofanyiwa."

Nilipofika nyumbani nilimkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeshakuwa daktari?"

"Nasomea ualimu, shangazi. Na nimepewa kazi ya nyumbani." Nikamweleza kazi yenyewe.

Aliuweka ungo chini. "Yaani umevuka feri na mabegi mawili, umesoma mwaka mzima, na hao walimu wako wamekurudisha hapa uje uangalie kuku wakipandana?"

Nilisema ndivyo. Alitikisa kichwa, lakini hakukataa. Kwa hakika alinichagulia mwenyewe jogoo kidimu na mtetea kidimu, akanionyesha banda la zamani nyuma ya jiko. Nililikarabati kwa wavu mbovu na makuti kwa muda wa siku tatu, mtetea nikiwa nimemfungia ndani ya tenga. Siku ya nne nikawaingiza wote wawili, nikajiona mtafiti.

Jioni hiyo nilimchorea shangazi mraba mchangani, wenye vyumba vinne. Nikatumia kunde kuwa barua ya kukunja na choroko kuwa barua ya kawaida, nikazigawa huku na huku. Chumba kimoja kikapata kunde mbili, viwili vikapata kunde na choroko, na cha mwisho choroko mbili.

"Kwa hivyo katika kila watoto wanne," nilisema, "mmoja atakuwa wa kawaida, wawili vidimu, na mmoja atakunjika kupita kiasi."

Shangazi aligusa zile choroko mbili za chumba cha mwisho. "Baba kidimu, mama kidimu, mtoto atoke wa kawaida?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, hilo huku kwetu lina jina lake, na jina lake si hesabu."

Mtetea alitaga mayai kumi na matatu. Kila yai nililiandika tarehe kwa penseli, na shangazi aliniuliza yai lina haja gani na tarehe. Yalipokaribia kuanguliwa nilikuwa nikilala nusu usingizi. Lakini kwa bahati mbaya, siku yenyewe nilikuwa nimetumwa Ukunda kununua chakula cha vifaranga, na foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha.

"Tisa," shangazi alisema kabla sijauliza. "Manne viza, nimeyatupa."

Nikaandika: tisa. Nilipoingia jikoni kutafuta maji, nikaona kikapu kidogo karibu na mafiga, na ndani yake kifaranga peke yake, shingo tupu bila unyoya, kama ameinyoa.

"Na huyu?"

"Huyo nimepewa na rafiki yangu wa Ukunda."

"Lakini mimi ndiyo kwanza natoka Ukunda, shangazi."

"Ukunda ni kubwa," alisema, akanipa sahani.

Sikuwa na sababu ya kutomwamini. Kuku wa shingo uchi, ambao sisi tunawaita vishingo, si ajabu pwani. Kifaranga yule akakulia jikoni, na mimi nikashughulika na tisa wangu. Kila asubuhi niliwashika mmoja mmoja, nikaandika. Wiki ya nne manyoya ya kweli yakaanza kutoka, na kufikia wiki ya sita hapakuwa na shaka tena. Sita walikuwa vidimu kama wazazi wao. Watatu walikuwa laini, manyoya yamelala, kuku wa kawaida kabisa. Aliyekunjika kupita kiasi hakuwapo, jambo lililonihuzunisha, lakini wale watatu walinitia furaha kubwa. Nilikimbia kumwita shangazi.

"Unaona? Wa kawaida! Kama mraba ulivyosema!"

Shangazi aliwahesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Kisha akageuza uso taratibu kuelekea ua wa jirani.

Jirani yetu alikuwa karani mstaafu kutoka Ukambani. Alinunua kiwanja pale miaka mingi kabla, akajenga, akalima, akazika mke wake hapo hapo, na bado watu walimwita mgeni. Alikuwa mpole na mwangalifu kupita kiasi; hata maembe yake yakianguka aliyahesabu. Alikuwa na jogoo mmoja wa kahawia, mrefu, mwenye manyoya mpaka kidevuni, ambaye mazoea yake yalikuwa kuruka ua na kula mchicha wa shangazi.

"Ni yeye," shangazi alisema.

"Mtetea alikuwa bandani, shangazi. Mimi mwenyewe nilifunga."

"Wavu wako una matundu."

"Jogoo hapiti kwenye matundu yale."

"Mwanangu," alinijibu kwa upole wa kutisha, "mwanamume akitaka kupita, atapita."

Asubuhi yake alivaa buibui, akaenda kwa mzee wa mtaa kushtaki. Alitaka jogoo wa jirani achinjwe au ahamishwe.

Mzee wa mtaa alikuwa mtu anayependa mambo yaende kiserikali. Alikuwa na daftari, muhuri, na meza ndogo yenye kitambaa cha kufumwa. Kesi ilisikilizwa barazani kwake baada ya sala ya adhuhuri. Nilitarajia watu wanne. Walikuja zaidi ya ishirini, wengine na viti vyao. Mtetea wetu alifungwa kamba mguuni, kamba ikafungwa kwenye mguu wa meza, na watoto wake tisa wakawekwa mbele yake ndani ya tenga.

Mzee alifungua daftari. "Bismillahi. Shauri tulilonalo ni la uzinzi," akasoma, kisha akaona maneno yake yamekuwa makubwa, akaongeza, "wa ndege wa kufugwa."

Shangazi alisimama akatoa ushahidi. Alieleza nasaba ya mtetea wake mpaka nyanya yake, wote vidimu, wote wenye adabu. Akawanyanyua wale watatu wa kawaida mmoja baada ya mwingine kama mtu anayeonyesha nguo iliyoibwa. Watu waliguna.

Jirani naye akasimama, kofia mkononi. "Mimi sina maneno mingi. Hiyo jogoo yangu inakula mboga, hiyo nakubali. Lakini hii ingine hapana. Inalala kwangu saa kumi na mbili kila siku, na mimi ndio nafunga mlango."

"Jogoo hazini saa kumi na mbili jioni," mama mmoja alisema kutoka nyuma. "Huzini mchana."

"Nyamazeni," mzee alisema. Kisha akanitazama mimi. "Wewe ndiye daktari?"

"Mwanafunzi, mzee. Mwaka wa kwanza."

"Inatosha. Njoo mbele."

Katika jaribio la katikati ya muhula nilikuwa nimepata alama za aibu, na hakuna aliyejua. Na sasa nimesimama barazani, shangazi yangu upande mmoja, mzee wa watu asiye na kosa upande wa pili, na kuku amefungwa kwenye meza. Nikaomba kipande cha mkaa. Nikauchora mraba sakafuni, nikatoa kunde na choroko mfukoni, kwani nilikuwa nimezibeba, nikaanza kugawa barua. Nilieleza kwamba baba kidimu anaweza kuificha barua ya kawaida ndani yake, na mama vivyo hivyo, na siku barua hizo mbili zilizofichwa zikikutana, atatoka mtoto wa kawaida bila mtu yeyote kumkosea mtu.

Watu waliinama kuutazama mraba. Hata mtetea aliacha kudonoa kamba.

"Yaani," mzee alisema, "mtoto anaweza asifanane na baba wala mama, na akawa wao?"

"Anaweza, mzee."

Bibi mmoja aliyekaa karibu na nguzo aliinua mkono. "Na kwa binadamu je?"

Watu wote wakageuka. Wanaume wawili wakakohoa pamoja. Mzee wa mtaa aligonga meza kwa muhuri wake.

"Swali hilo halijibiwi hapa," alisema.

Alikuwa ameshashika kalamu ili amwachilie jirani. Shangazi alikuwa amenikazia macho ambayo sikupenda kukutana nayo. Hapo ndipo jirani, ambaye angeweza kunyamaza akaenda zake nyumbani na ushindi wake, akainua kofia tena.

"Mimi niko na swali moja tu. Hapa naona vifaranga tisa. Ile siku walitoka kwa mayai, mimi nilikuwa kwa ua, na nilihesabu kumi. Ya kumi ilikuwa na shingo uchi. Imeenda wapi?"

Sikumwelewa mara moja. Nilianza kusema hapana, ni tisa, nimeandika. Kisha nikamtazama shangazi, nikaona haangalii watu, haangalii kuku. Anaangalia viatu vya mzee wa mtaa.

"Rafiki wa Ukunda," nilisema, nusu kwa sauti.

"Rafiki gani?" mzee akauliza.

Mama mmoja alitumwa nyumbani kwetu, akarudi na kikapu cha jikoni. Kifaranga alitolewa akawekwa sakafuni, katikati ya mraba wangu. Katika wiki zile sita nilikuwa nimempita kila siku bila kumtazama vizuri. Sasa nikamtazama. Shingo yake ilikuwa uchi, ndiyo, lakini kutoka mabegani kwenda chini manyoya yote yalikuwa yamejikunja kwenda nje. Alikuwa kishingo na kidimu kwa pamoja. Sijawahi kuona kiumbe mbaya kiasi kile. Akajikokota mpaka kwa mtetea, na mtetea akamdonoa kichwani.

"Daktari," mzee alisema, "na shingo hii? Mraba wako unasemaje?"

Nilijua jibu. Katika kitabu cha somo lilikuwa ukurasa mmoja tu mbele ya ule wa manyoya ya kukunja, na mhadhiri alikuwa amelitaja. Shingo uchi haijifichi. Barua moja tu inatosha kuionyesha. Mama hana. Jogoo wa bandani hana. Nikafumbua mdomo, na wakati uo huo nikamwona, nyuma ya kiti cha mzee, karibu na mtungi wa maji, jogoo mkubwa anaparua mchanga bila wasiwasi. Shingo yake ilikuwa nyekundu, ndefu, tupu kama kidole. Katika mtaa mzima jogoo kishingo alikuwa huyo peke yake, na alikuwa wa mzee wa mtaa.

Nilimfikiria shangazi, aliyenilea. Nilimfikiria jirani na kofia yake. Nikasema kwa haraka, kama mtu anayejitupa majini.

"Huyu baba yake ana shingo uchi, mzee. Lazima. Si jogoo wetu, na si jogoo wa jirani."

"Basi ni wa nani?"

Vichwa ishirini viligeuka pamoja kuelekea mtungi wa maji. Yule jogoo, alipoona anatazamwa, akajitutumua, akapiga mabawa, akawika.

Mzee alifunga daftari. "Shauri limeahirishwa," alisema, "kwa ajili ya sala ya alasiri."

"Alasiri bado saa nzima na nusu," alisema yule bibi wa nguzoni.

"Kujitayarisha kwa sala nako ni ibada," mzee akajibu, akaingia ndani akafunga mlango.

Shangazi hakunisemesha kwa siku tatu. Si kwamba alinyamaza. Alizungumza, ila alizungumza na mtetea. "Mwambie huyo daktari chakula kiko mezani," alimwambia. "Mwambie huyo msema kweli atoe nguo kambani, mvua inakuja." Mtetea alimsikiliza kwa makini, na mimi nilitoa nguo kambani.

Siku ya nne alikuja kukaa kando yangu nilipokuwa naandika ripoti.

"Nilijua tangu alipotoka kwenye yai," alisema. "Ningefanya nini? Nimshtaki hakimu kwa hakimu?"

"Basi usingeshtaki kabisa. Jirani alikosa nini?"

"Mchicha," alisema.

Nikacheka, naye akajizuia akashindwa, tukacheka mpaka akatafuta upande wa leso ajifute macho. Jioni ile alichuma fungu la mchicha uliobaki, akanituma nimpelekee jirani ndani ya bakuli. Hakunipa neno la kusema, na jirani hakuuliza. Kesho yake bakuli likarudi limejaa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa wanayopika kwao na maharagwe. Shangazi alionja kijiko, akasema hayana nazi, akala yote.

Mzee wa mtaa naye alituma ujumbe kwamba kesi imefungwa kwa kukosa mshtakiwa. Pamoja na ujumbe alituma kopo la mtama. Shangazi aliupokea kwa heshima zote, akatangaza kwa kila aliyepita kwamba upande wa mume umeanza kuleta matunzo.

Chuo kilipofunguliwa nilimpelekea mhadhiri ripoti ya kurasa tisa, kesi yote nikiwa nimeiweka mwishoni chini ya kichwa "Matokeo Yasiyotarajiwa". Aliisoma mbele yangu, hakutabasamu hata mara moja. Alipofika mwisho aliuliza jambo moja.

"Ulimtenga mtetea siku ngapi kabla ya kumwingiza kwa jogoo?"

"Tatu, mwalimu."

"Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini mwake wiki mbili, na pengine tatu. Huyo jogoo kishingo alikuwa ameshapita kabla hujafunga mlango."

Nikaitazama ripoti yangu mkononi mwake.

"Kwa hivyo hata wale watatu wa kawaida," akaendelea, "hujui ni wa nani. Wanaweza kuwa wa jogoo wako. Wanaweza kuwa wa mzee. Wanaweza kuwa wa huyo jirani."

"Lakini mimi nilisimama mbele ya watu nikasema..."

"Ulisema inawezekana, na inawezekana kweli. Ila hukuwa na haki ya kusema unajua." Akaandika kumi na moja juu ya ishirini, akanirudishia karatasi. Nilipofika mlangoni aliniita. "Na huyo kifaranga, alikunjika na shingo uchi kwa pamoja?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ningependa kumwona," alisema, akageukia daftari lake.

Nilimpigia shangazi simu usiku huohuo nikamweleza habari ya kuhifadhi mbegu.

"Wiki tatu?"

"Mpaka tatu, shangazi."

"Subhanallah! Na sisi tunaambiwa kuku hana kumbukumbu."

Sikujua kwamba neno hilo lilimwingia. Alimchukua mtetea wake, na bila kuniambia akamfungia peke yake wiki nne, moja ya ziada kwa ajili ya kunyamazisha watu. Akautupa wavu wangu wenye matundu, akaweka mbao. Kisha ndipo akamwingizia jogoo kidimu. Ufunguo wa banda aliufunga kwenye pindo la leso, akaenda nao msalani, sokoni na matangani. Mayai aliyaandika mwenyewe, kwa mstari mmoja wa mkaa kila moja, maana tarehe bado aliiona haina faida.

Mimi nilirudi Desemba, jua la kaskazi likiwa limeiva. Ua ulikuwa umejaa kuku wadogo. Shangazi hakunipa hata nafasi ya kumaliza shikamoo.

"Mayai kumi na matatu," alisema. "Moja viza, hilo niliumbiwa. Wametoka kumi na wawili. Hesabu."

Nilihesabu. Wa kawaida watatu. Vidimu sita. Nikarudia, maana sikuamini, kwa sababu hesabu inayotoka sawasawa hivyo hata vitabuni ni nadra. Tatu, sita. Nikatafuta waliobaki.

"Wale wako huku," alisema, akanipeleka kivulini nyuma ya jiko.

Walikuwa watatu. Manyoya yao yalikuwa yamejikunja kupita kiasi, mpaka yakawa nyuzi, na nyuzi zikawa zimekatika. Migongo yao ilikuwa uchi. Ngozi ilikuwa nyekundu, imebambuka mahali mahali, kama ya wale wageni wa Diani wanaolala ufukweni siku ya kwanza bila kujipaka kitu. Wawili kati yao walikuwa wamevaa fulana. Shangazi alikuwa amezishona kwa vipande vya kanga, zenye matundu ya mabawa na kifungo kifuani. Mmoja alipata kipande cha maua ya manjano. Wa pili alipata kipande chenye maandishi, na kwa vile kitambaa hakikutosha, mgongoni alisomeka HAYAKUHUSU.

"Jua liliwachoma," shangazi alisema. "Nikawapaka mafuta ya nazi, wakazidi kuungua. Jirani ndiye aliyesema niwavishe. Anasema kwao ng'ombe mgonjwa huvishwa gunia."

Nilikaa chini. Yule wa maua akanijia, akanidonoa kidole cha mguu. Nilitaka kumwambia shangazi kwamba amefanya kwa kikapu na mkaa kile ambacho mimi nilishindwa kwa kurasa tisa, kwamba kule chuoni kuna mtu mwenye sweta ambaye angetoka mbio kuja kuona. Badala yake nikauliza kama siku moja watataga.

"Hao? Hao hata kutembea wanasahau." Alikuwa ameshatoa sindano kwenye leso, na kipande kingine cha kanga, chekundu, amekikunja magotini. "Mshike huyu wa tatu. Kichwa kielekee kwako. Anatikisika sana, na sijamaliza kumtia kifungo."